Mbali na Matarajio

Saa nne usiku. Simu nimeiegemeza kwenye mtungi, tochi inawaka,
na mbele yangu fomu sitini na tatu za Gredi ya Tano,
kila jina na visanduku vyake vinne:
Kuzidisha matarajio. Kufikia. Kukaribia.
Na hicho cha mwisho, kilichochoshwa na kalamu yangu:
Mbali na matarajio.

Mbali.
Umbali naujua. Nyamvula hutoka bondeni, Mwakirunge,
huvuka barabara ya malori ya taka
viatu mkononi ili visiishe,
akifika huvivaa mlangoni, kama aingiaye nyumba ya watu.
Huo ndio umbali.
Lakini matarajio ni ya nani? Yanakaa wapi?
Nani alitangulia kuyaweka huko
akarudi kutuambia hatujafika?

Swali la tano, ufahamu:
Taja faida tatu za maktaba.
Nyamvula kaandika, kwa hati iliyonyooka kuliko yangu:
"Sijaiona. Ikija nitazitaja."
Mwongozo wa kusahihisha unasema sufuri.
Nikaweka sufuri. Nikaizungusha mara ya pili,
ya tatu,
mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Kitabu kimoja, vichwa vitano.
Mbeyu hukisoma ubavuni.
Chirongo hukaa mkabala, hukisoma juu chini,
na sasa, wallahi, ukimpa kitabu kilichonyooka hugugumia;
hukigeuza kwanza, ndipo maneno yakamkubali.

Mwezi wa pili alikuja afisa, gari safi,
akauliza kwa nini mahudhurio hupanda
Jumanne na Alhamisi tu.
Nikampeleka nyuma ya darasa, nikamwonyesha mafiga.
Rejista yetu hufuata moshi, bwana.
Siku za maharagwe madawati hayatoshi;
siku za jivu nafundisha kuta,
na kuta nazo hazijafikia matarajio.
Alicheka. Kisha akaacha kuandika.

Dzombo sasa. Hisabati: nne kati ya thelathini.
Dzombo, ambaye kila Jumamosi huokota vyuma jaani.
Juzi alivipeleka kwa Kibwana mwenye mizani,
akasimama, asimwage gunia, akasema:
"Mshale wako umelala nyuma ya sufuri.
Unaniibia kabla sijaweka kitu."
Mwanamume mzima, ndevu zake, akaenda kutafuta bisibisi.
Nambari hasi, kwa mujibu wa silabasi,
Dzombo atakutana nazo katika darasa
ambalo kaka zake wawili hawakulifika.

Nimetafuta kisanduku cha jambo hilo. Hakipo.

Chini ya fomu ya shule kuna swali:
Eleza sababu za matokeo duni.
Na mistari miwili.
Miwili!
Niliandika njaa, nikafuta; watasema kisingizio.
Niliandika walimu wanne, madarasa manane, nikafuta;
hilo walilijua walipotuleta wanne.
Niliandika jina langu, nikalitazama.
Maana na mimi zipo siku nimefundisha nimekaa,
na ipo asubuhi nilimkaripia Mbeyu kwa kusinzia
mbele ya wenzake wote,
kumbe usiku kucha alikuwa kwenye foleni ya maji, na madumu mawili.
Aliniambia "samahani mwalimu." Yeye, kuniambia mimi.
Hilo halina kifutio.

Betri asilimia sita.
Fomu sitini na mbili zimejaa.
Ya Dzombo iko wazi, imelowa pembeni,
mtungi umeitonea nami sikuiondoa.

Na ile mistari miwili, mwishowe, nimeijaza hivi:
Njoo Alhamisi. Ukija na kijiko, kaa nao.
Ukija na mizani, tutaangalia mshale kwanza.